Mwaka Niliomwambia Rukia Anyamaze

Rukia alizikwa Jumanne baada ya alasiri, na mimi nilikuwa mmoja wa wanawake watatu waliomwosha. Kwetu Mji wa Kale anayeosha maiti hasimulii alichokiona. Ukikuta kovu, unalipitishia maji kama unavyopitisha mahali pengine pote, unafunika, unaendelea. Nimeosha wengi miaka hii na sijalivunja sharti hilo, wala sitalivunja kwa Rukia. Nitakayoandika hapa ni yale niliyoyaona na kuyasikia akiwa hai, yeye akiwa na miaka ishirini na sita na mimi ishirini na tisa, katika mwaka mmoja tuliokaa nyumba moja. Sehemu mbaya ya mwaka huo niliifanya mimi. Sikusoma sana, niliishia darasa la nane. Lakini nilikuwa nikifanya kazi karibu na watu waliosoma, nikiwapikia chai na kuwapangia faili, na nilidhani nimejifunza kwao jambo la kumfaa mwenzangu.

Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, ya zamani, kwenye kichochoro ambacho tuk-tuk ikiingia haina budi kutoka kinyumenyume. Mimi nilipanga chumba cha juu. Rukia alikuja wiki mbili baada ya Idi, akapanga chumba cha chini karibu na bafu, na mwanawe Saumu wa miaka mitano, na mfuko mmoja wa nguo. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, mkeka, na dirisha la nondo lililoelekea ukuta wa jirani. Jiko lilikuwa la wote, uani. Asubuhi ya kwanza nilimkuta akisukuma chapati kwa mkono wa kushoto, zikitoka na pembe kama ramani. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kwenye kifundo. Nilimwuliza amefanya nini. Akasema ameanguka ngazini. Nikamwuliza ngazi ya wapi. "Ya kwetu," akasema, na baada ya kugeuza chapati akacheka kidogo, bila kunitazama. "Ngazi yenyewe ina ndevu, Khadija. Na husali safu ya mbele."

Ndivyo nilivyojua. Mengine alinieleza kidogo kidogo siku zilizofuata, tukiwa tumechutama uani tunakuna nazi au tunachambua mchele, na kila mara alianza kwa kutazama kama Saumu yuko mbali. Mumewe Hamidi alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, mtu wa kanzu safi na maneno mazuri. Alikuwa hapigi kila siku. Alikuwa akipiga kisha anakaa miezi, na katika miezi hiyo Rukia alijiona mjinga kwa kuogopa. Siku ya ule mkono alipelekwa hospitali na mavyaa wake, Bi Zuwena, na daktari akauliza swali mbele ya Bi Zuwena: "Umeumiaje, mama?" Rukia akasema ameanguka. Angesema nini, na mama wa mumewe amemshika bega? Daktari akaandika ameanguka. Hakumwomba Bi Zuwena atoke nje. Nimefikiria jambo hilo mara nyingi, kwamba lingechukua dakika mbili tu, na kwamba yule daktari pengine alikwenda kwake jioni akijua ametibu mkono vizuri, na kweli alikuwa ameutibu vizuri.

Hamidi hakumfuata Rukia kwa fujo. Alimfuata kwa wakili. Aliomba mahakama impe mtoto, kwa kuwa mama ametoroka naye na kumweka kwenye chumba kimoja. Hakimu akaagiza ofisi ya watoto itembelee nyumba zote mbili na kuandika ripoti. Na ofisi ya watoto ndipo nilipokuwa nikifanya kazi.

Ilikuwa orofa ya pili ya jengo la zamani, vyumba vitatu na ukumbi mdogo wenye mabenchi. Afisa aliyepewa faili la Rukia alikuwa Bwana Mwakio, mtu wa Taita, mpole, mwimbaji wa kwaya, ambaye hakuwahi kunipandishia sauti. Mwenzake alikuwa Madam Agnes, mkubwa kwake kwa miaka, aliyehudhuria semina nyingi na kuweka vyeti vyake ukutani. Saa nne kasoro nilikuwa nikiwapelekea chai ya maziwa na mahamri niliyotoka nayo nyumbani, na kwa kuwa kabati la faili lilikuwa chumba hicho hicho, nilibaki humo nikipanga karatasi wakizungumza. Hawakunificha kitu. Nadhani hawakufikiri kwamba ninasikia.

"Hili la wakala wa Kilindini umeliona?" aliuliza Bwana Mwakio siku faili lilipofika. "Baba anaomba mtoto. Mama anasema alikuwa akipigwa."

"Wote husema hivyo wakifika kwa hakimu," Madam Agnes akajibu, akichovya hamri. "Cheti cha hospitali kipo?"

"Kipo. Kinasema alianguka ngazini."

"Ndiyo hayo. Na mtoto je, alipigwa?"

"Mtoto hajaguswa."

"Basi hayo ni mambo mawili. Mume mbaya si lazima awe baba mbaya."

Maneno hayo ya mwisho niliyasikia mara nyingi mwaka ule, kwa Rukia na kwa wengine, hata nikayazoea. Niliona yana akili. Leo nikiyafikiria naona yalisemwa na watu ambao hawajawahi kuwa mtoto wa miaka mitano upande wa pili wa mlango. Lakini siwezi kujifanya niliwaza hivyo wakati ule. Wakati ule nilifunga kabati na kusikiliza zaidi, maana nilitaka kujua wanampenda mama wa namna gani.

"Mimi mama akiingia hapa na kelele, baba hivi, baba vile, namwuliza jambo moja," Madam Agnes aliendelea. "Mama, umekuja kwa ajili ya mtoto au kwa ajili ya hasira?"

Bwana Mwakio akacheka. "Na hujibu nini?"

"Hulia! Wakilia ndiyo nimejua. Mama anayemchafua baba anamtia mtoto sumu, hilo tumefundishwa. Mama mzuri utamwona tu. Ametulia. Hamsemi mtu. Huyo mpe mtoto, ulale usingizi."

Nilitembea kurudi nyumbani siku hiyo kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. Nilimkuta Rukia amekaa ukingoni mwa kitanda na daftari la Saumu la shule ya chekechea, anaandika kwa ule mkono mbovu, ulimi umetokeza pembeni. Alikuwa ameandika kurasa nne. Siku, mahali, alipigwa kwa nini na kwa kitu gani, Saumu alikuwa wapi. Kwenye ukurasa mmoja aliandika kwamba Saumu alikuwa akimshika babake mguu na kusema atalala sasa hivi, kwa sababu alidhani ugomvi ulianza kwa kuwa yeye hataki kulala. Aliniambia atampa afisa akija, maana akianza kusema kwa mdomo atalia na kusahau.

"Liweke hilo," nikamwambia. "Hawalitaki."

"Hawalitaki vipi? Si ndilo lenyewe?"

"Nimewasikia kwa masikio yangu, Rukia. Mama anayemsema baba wanamwona mwenye chuki. Wanataka aliyetulia."

"Kwa hivyo nijifanye sikupigwa?"

"Usijifanye. Usiseme tu. Akikuuliza, mwambie yaliyopita yamepita, wewe unataka mwanao. Basi."

"Na wewe wafanya kazi huko," akasema, si kwa kuniuliza, ni kama anajikumbusha. Akalifunga daftari na kulitia chini ya godoro. Sikumlazimisha. Lakini haikuwa vigumu kumshawishi, na sababu yake naijua. Sisi tulilelewa kwamba mwanamke wa heshima hutunza siri ya nyumba yake, kwamba kumwanika mume mbele ya mtu wa kando, tena mwanamume, tena mgeni, ni kujianika mwenyewe. Nilimwambia afanye jambo ambalo mamake na nyanyake wangemwambia afanye. Tofauti ni kwamba mimi nilimwambia ni ushauri wa ofisi.

Bwana Mwakio alikuwa hazijui njia za Mji wa Kale, akaniomba nimwongoze. Nilimwambia kwamba Rukia ni jirani yangu. "Vizuri," akasema, "utanirahisishia." Tulianza kwa Bi Zuwena, Kibokoni, alikoishi Hamidi, siku ya Alhamisi. Walikuwa wamearifiwa. Ukumbini palitandikwa mkeka mpya na sinia la kaimati, sambusa, tambi, na birika la kahawa, na chini ya feni aliketi Hamidi na kanzu yake, akainuka kutupokea kwa mikono miwili. Aliniamkia mimi pia, akaniuliza hali ya nyumbani. Bi Zuwena alimwita Bwana Mwakio mwanangu tangu mlangoni. "Hapa ni kwenu, mwanangu. Kula, usione haya, wewe watoka mbali na mamako." Walimwonyesha chumba cha mtoto. Kitanda kilikuwa kipya, godoro bado limo ndani ya nailoni, na ukutani wamebandika herufi za rangi. Bwana Mwakio alikigusa kitanda kwa kiganja kama mtu anayetaka kununua.

"Na mama wa mtoto," akauliza baadaye, kikombe mkononi, "una malalamiko gani juu yake?"

Hamidi akainamisha kichwa. "Mimi siwezi kumsema mama wa mwanangu, bwana. Ni mama mzuri. Tulikosana kama watu wanavyokosana, akaondoka. Ninalotaka mtoto asome, alale pazuri. Hata yeye mwenyewe akitaka kurudi, mlango uko wazi."

"Wamsikia?" Bi Zuwena akasema, akimjazia kahawa. "Huyu mtoto wangu ana moyo, huyu."

Tulipotoka, Bwana Mwakio alisimama kivulini kufuta jasho. "Umeona, Dada Khadija? Hakumtukana hata mara moja." Nilikubali. Na nilifurahi, ni lazima niseme, kwa sababu nilijua Rukia naye hatamtukana, na nikadhani watakuwa sawa. Sikuelewa kwamba kunyamaza kwa aliyepiga na kunyamaza kwa aliyepigwa hakupimwi kwa kipimo kimoja. Mmoja ananyamaza juu ya makosa ya mwenzake ambayo hayapo, na huitwa muungwana. Mwingine ananyamaza juu ya yaliyopo, na huambiwa hayakutokea.

Jumatatu tulikwenda kwa Rukia. Alikuwa amefua shuka, amepika mkate wa sinia, amevaa leso mpya juu ya dera. Saumu alikuwa sakafuni akichora. Bwana Mwakio alikuwa na mafua siku hiyo. Alipofika mlangoni akakohoa, kikohozi kizito cha mwanamume, akagonga. Saumu hakuinua kichwa kutazama ni nani. Aliteleza kwa tumbo akaingia uvunguni, haraka na bila sauti, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Rukia aliita, nikaita mimi, Bwana Mwakio mwenyewe akachutama na kumwonyesha peremende. Hakutoka. Kwa muda wote tuliokaa, kama nusu saa, niliona unyayo mmoja tu chini ya shuka. Bwana Mwakio alikaa kwenye kiti nilichokishusha kutoka chumbani kwangu, akaandika. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na naujua mwandiko wake. Aliandika: mtoto hajazoea watu, mama amemfungia.

Nilitaka kusema. Nilikuwa nayo maneno. Lakini nilikuwa mpika chai aliyekuja kuonyesha njia, na nilijiambia kwamba mambo yanakwenda vizuri, tusiyaharibu.

"Mama Saumu," akasema, kwa upole wa kweli, "nataka uniambie bila wasiwasi. Huyu baba mtoto amewahi kukupiga?"

Rukia hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nami nikatikisa kichwa kidogo, kumwambia aendelee kama tulivyopatana.

"Yaliyopita yamepita, bwana," akasema. "Mimi nataka mwanangu tu."

"Sitaki kukulazimisha."

"Sina neno baya la kumsema."

Akamkatia kipande cha mkate wa sinia, akakiweka kwenye kisahani. Bwana Mwakio alikula nusu. Njiani alikuwa kimya, nami nilichukulia kimya chake kuwa dalili njema. Jioni Rukia aliniuliza, "Nimesema sawasawa?" Nikamwambia amesema sawasawa. Tukala wali na samaki wa kupaka uani, Saumu akiwa ametoka uvunguni na anacheka, ana sukari ya peremende mdomoni. Nakumbuka tulikuwa na furaha.

Ripoti niliiona kabla ya Rukia, kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda kuipiga kopi. Nilisimama mbele ya mashine na kusoma. Ilisema nyumba ya baba ina nafasi, ina nyanya wa kumlea mtoto, ina utulivu. Ilisema mama ni mwenye heshima, lakini alimwondoa mtoto nyumbani bila sababu ya wazi. Madai ya kupigwa yaliyo kwenye karatasi za wakili wake hayakuthibitishwa na cheti cha hospitali, na mama mwenyewe alipoulizwa ana kwa ana hakuyarudia. Mtoto anaonyesha woga usio wa kawaida akiwa chini ya uangalizi wa mama. Kila sentensi ilikuwa ya kweli kwa namna yake. Ningeulizwa ni ipi ya uongo, nisingeweza kuionyesha kwa kidole.

Nilimwambia Rukia siku hiyo hiyo. Hakunilaumu. Alilitoa daftari chini ya godoro, akavaa buibui, akaenda mwenyewe ofisini na kulia mbele ya Bwana Mwakio na Madam Agnes, akasema yote, na kuwaonyesha kurasa nne. Nilikuwa ukumbini na ndoo ya kupigia deki, mlango ukiwa wazi nusu.

"Mama," Madam Agnes akasema, "mbona hukuyasema haya afisa alipokuja kwako?"

"Niliona haya."

"Uliona haya, lakini leo umesikia ripoti imekwenda upande wa pili, haya zimekwisha?"

"Wallahi nimeyaandika zamani. Kabla hajaja."

"Daftari halina mhuri wa siku, mama. Mtu huandika apendavyo."

Bwana Mwakio alizigeuza zile kurasa mbele na nyuma, akasoma, akamrudishia. Walimwambia kama anataka, ampe wakili wake. Wakili wake, ambaye alikuwa wa msaada wa bure na ana faili nyingi, alimwambia kulitoa daftari sasa kutamfanya aonekane muongo mara mbili. Hakimu alisoma ripoti. Alizungumza na Rukia kwa adabu, akamwambia hakuna anayemnyang'anya mtoto, kwamba mtoto ana haki ya wazazi wote wawili. Saumu atakaa kwa babake, na mamake atamwona kila Jumamosi, saa tatu hadi saa tano, hapo hapo ofisi ya watoto, mbele ya mtu wa ofisi, kwa kuwa aliwahi kumtorosha. Mtu wa ofisi wa Jumamosi, mwenye funguo, alikuwa mimi.

Kwa hiyo nilizitazama zote. Chumba kilikuwa na meza ndogo, viti vya plastiki, na boksi la vikaragosi vilivyochangwa. Rukia alikuja na viazi karai vya moto na chupa ya ukwaju, akaviweka mezani na kuvifunika. Saumu aliletwa na Bi Zuwena, amesukwa vizuri, ana viatu vipya. Jumamosi za kwanza alilia wakati wa kuondoka, akashika mguu wa mamake, na nililazimika kumbandua vidole, kimoja kimoja, mimi ambaye alikuwa akiniita khale, kama dada ya mamake. Baadaye akaacha kulia. Mwezi wa tatu au wa nne aliingia akasimama mbele ya mamake, mikono nyuma, akasema, "Shikamoo, Bi Rukia," kama alivyofundishwa kumwamkia mgeni. Rukia akajibu, "Marahaba, mwanangu." Akamfunulia viazi. Nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi, ingawa kazi yangu ilikuwa kukaa ndani.

Kabla mwaka haujaisha, wakili wa Hamidi alileta barua. Mteja wake amepata kazi bandari ya Tanga, anahama na mama yake na mtoto, na mipango ya mtoto kuonana na mamake itafanywa baadaye. Rukia alipouliza, Madam Agnes alimwambia baba ana haki ya kufuata riziki yake. Jumamosi iliyofuata Rukia alikuja vilevile na viazi. Nilimwambia, "Rukia, wameshaondoka." Akasema, "Najua. Mahakama imesema saa tatu hadi saa tano." Nikamfungulia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mpaka saa tano, akaniaga, akaenda. Alikuja na Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Sikumzuia. Ilipofika mwezi, Madam Agnes alisikia, akaandika kwenye faili kwamba mama anaendelea kuhudhuria bila mtoto kuwapo, na kwamba hali hiyo izingatiwe iwapo ataomba tena kupewa mtoto. Kisha akaniagiza nisifungue Jumamosi.

Ndipo nilipokwenda kwa Bwana Mwakio. Nilimkuta peke yake, anavaa koti. Nilimwambia bila kuketi.

"Mimi ndimi niliyemwambia Rukia asiseme. Siku ile ulipomwuliza. Nilimwambia akinyamaza mtampenda."

"Ulimwambia hivyo kwa nini?"

"Kwa sababu niliwasikia. Wewe na Madam, mkinywa chai."

Aliketi tena, koti likiwa mkono mmoja. Nilidhani amekasirika. Nilitaka akasirike. Nilitaka aniambie nimemponza mwenzangu, kwamba bila mimi angeandika vingine, maana hapo ningekuwa nimekosea tu, na kosa mtu huweza kulitubia, akaendelea.

"Na angesema," akaniuliza, "akalia, akanionyesha lile daftari siku ile ile?"

"Ndiyo. Ungeandika nini?"

Alifikiri kwa haki. Namshukuru kwa hilo mpaka leo, kwamba hakunidanganya.

"Ningeandika mama ana uchungu mwingi na baba, na huenda akamzuia mtoto kumjua babake," akasema. "Nadhani ndivyo ningeandika, Dada Khadija. Ndivyo tunavyoandika." Akavaa mkono wa pili wa koti. Mlangoni akageuka. "Mimi nilimwuliza kwa nia njema," akasema. Nikamwambia najua.

Mwezi uliofuata niliacha kazi. Rukia nilimwambia ushauri wangu ulivyomponza, lakini jibu la Bwana Mwakio sikumwambia kamwe. Alikwenda Tanga mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa mtoto yuko madrasa, mara ya pili alikaribishwa chai ukumbini na Saumu akaletwa kumwamkia. Aliishi akiamini kwamba siku moja, kwenye chumba kile, alikuwa na neno ambalo angelisema mwanawe angebaki, na hakulisema. Mimi nilijua halikuwapo neno hilo. Nilidhani nikimwambia nitamwondolea kitu cha mwisho cha kushikilia, au labda niliogopa kukaa naye akiwa amejua. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili. Miaka ishirini na zaidi nimejiuliza.

Saumu alifika siku ya tatu baada ya maziko, hitima imekwisha na wanawake wanakusanya vikombe. Ni mwanamke mzima, mrefu, mwalimu wa shule ya msingi. Alisimama mlangoni mpaka alipokaribishwa. Watu walipopungua alikuja kuketi karibu nami.

"Khale," akasema, "baba aliniambia mama aliulizwa na watu wa serikali kama anapigwa, akasema hana neno la kumsema. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi hakupigwa."

"Alipigwa, mwanangu. Na aliyemwambia asiseme ni mimi."

Nikamweleza yote, kama nilivyoyaandika hapa, na lile la Bwana Mwakio pia. Alisikiliza bila kunikatiza, akitazama mikono yake. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Kwa hivyo angesema, bado ningechukuliwa?"

"Niliambiwa hivyo. Lakini aliyeniambia ndiye aliyekuwa na kalamu. Mimi mwenyewe sijui."

Uani walikuwa wakisuuza sufuria. Kisha akaniuliza basi la Tanga la asubuhi huondoka saa ngapi, na hilo nilikuwa na jibu lake.